Kuogopa na Kuogofya: Kitenzi cha Kiingereza "fear" na Kiswahili cha Kaptembwo

Kamusi nyingi za Kiingereza na Kiswahili zifikapo kwenye neno "fear" humpa msomaji maneno mawili matatu, yaani -ogopa, -hofu, na pengine -cha, kisha huendelea na safari yao. Mpangilio huo humfanya mwanafunzi aamini kwamba maneno hayo ni sawa kwa sawa, na kwamba tofauti iliyopo ni ya mapambo tu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kitenzi hicho cha Kiingereza kina historia ya kugeuzwa, kwamba kugeuzwa huko kumemficha mhusika ambaye Kiswahili bado hukubali kumtaja waziwazi, yaani yule mwenye kuogofya, na kwamba usemi wa mtaa wa Kaptembwo, mjini Nakuru, humtunza mhusika huyo vizuri zaidi kuliko Kiswahili kinachoandikwa magazetini na kile kinachonakiliwa katika kumbukumbu za ushahidi.

Katika Kiingereza cha Kale jina "fǣr" halikuwa na maana ya hali ya moyo. Lilikuwa jina la baa lenyewe, hatari imfikiayo mtu ghafla. Ndugu yake wa Kijerumani, "Gefahr", hata leo maana yake ni hatari. Kutokana na jina hilo kukawa na kitenzi "fǣran", ambacho maana yake ilikuwa kutisha. Mtenda wa kitenzi hicho alikuwa adui, au mnyama mkali, au radi. Mtu aliyeingiwa na hofu alikuwa yambwa. Baadaye, katika Kiingereza cha Kati, wasemaji walizoea kukitumia kwa namna ya kujirejea, ikawa mtu "anajitisha" kwa sababu ya jambo fulani, na hatimaye ile alama ya kujirejea ikadondoka. Hivyo aliyekuwa yambwa akapanda akawa kiima, na aliyekuwa mtenda akashuka, akawa kitu kinachoogopwa, au akaachwa kabisa asitajwe.

Neno "afraid" nalo lina historia inayofanana na hiyo. Wengi hulidhania kuwa ni kivumishi cha asili, kumbe lilikuwa umbo la kutendwa la kitenzi kilichotoka katika Kifaransa cha Wanormani, chenye maana ya kushtua na kuvuruga amani. Aliyekuwa "afraid" alikuwa mtu aliyeshtuliwa na mwingine. Mwingereza wa leo asemapo kwamba yu "afraid" hasikii tena mkono wa mtu nyuma ya neno lake.

Mabadiliko haya si udadisi wa wanahistoria wa lugha pekee. Katika tamthilia za Shakespeare matumizi yote mawili, la kale na jipya, yamo bega kwa bega. Mwana wa Mfalme wa Morocco, katika tamthilia ambayo Mwalimu Nyerere aliifasiri mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi, hujisifu kwamba sura yake imewatia mashujaa hofu, na kitenzi alichopewa na mwandishi ni hicho hicho "fear". Msomaji anayekipima kwa sikio la leo atadhani kwamba sura ndiyo iliyowaogopa mashujaa. Vivyo hivyo katika Measure for Measure sheria isiyotekelezwa hulinganishwa na sanamu lililosimamishwa shambani kutishia ndege, na kitenzi kilichotumiwa ni kile kile. Mfasiri mwenye kamusi ya siku hizi mkononi hana budi kujikwaa hapo, na akijikwaa atakuwa amempindua mtenda na mtendwa.

Kiswahili hakikupita njia hiyo. Shina -ogopa ni la Kibantu cha kale, na ni kitenzi cha mwenye kuingiwa na hofu tangu hapo. Kinapotakiwa kumtaja mwenye kuitia hofu hiyo, lugha hunyambua: -ogopa huzaa -ogofya, kama vile -lewa izaavyo -levya na -pona izaavyo -ponya. Sauti p imegeuka kuwa f mbele ya kiambishi cha kale cha kutendesha, na kanuni hiyo sasa imelala. Haizai tena vitenzi vipya. Kwa hiyo -ogofya ni umbo ambalo mtoto hawezi kuliunda mwenyewe kwa kusikia -ogopa. Lazima afundishwe, au alisikie kwa wakubwa wake.

Kuhusu -cha kuna jambo ambalo kamusi hazina budi kulieleza vizuri zaidi. Kiswahili Sanifu kina -cha mbili, moja ya kupambazuka na moja ya kuogopa kwa heshima, na mwanafunzi huziona kama pacha wasiojuana. Kiganda hutoa ufunguo wake: huko kupambazuka ni -kya, na kuogopa ni -tya. Sauti mbili zilizokuwa mbalimbali zimekutana katika Kiswahili zikawa moja. Zaidi ya hayo, Kiganda husema -tiisa kwa maana ya kutisha, na umbo hilo ni la kutendesha la -tya bila ya shaka yoyote. Kwa kulinganisha hivyo, inaelekea sana kwamba -tisha ya Kiswahili ni kauli ya kutendesha ya -cha yenyewe, ila mabadiliko ya sauti yamewatenga mzazi na mtoto hata wasemaji hawaoni tena udugu wao. Jambo hili lina uzito, maana linaonyesha kwamba shina hili nalo, tangu zamani, lilikuwa na nafasi mbili, ya mwenye kucha na ya mwenye kutisha.

Matumizi ya -cha yamebaki zaidi katika dini na katika methali. Biblia ya Union Version ya mwaka 1952 hutumia -cha kwa uchaji wa Mungu na -ogopa kwa hofu ya kawaida, mahali ambapo Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 hutosheka na neno moja. Umbo la kutendea, -chelea, limo katika methali isemayo kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye, na hapo maana yake si kumwogopa mtoto bali kuogopa jambo litakalompata. Watangazaji wa redio siku hizi hulitumia kwa maana ya kusita, nayo ni maana inayopatana na asili yake.

Neno -hofu lililotoka katika Kiarabu halihitaji maelezo mengi. Linalopaswa kukumbukwa ni kwamba katika Kiswahili hofu ni jina kwanza na kitenzi baadaye, na jina, tofauti na kitenzi, halimdai mtu yeyote. Huweza kusimama peke yake kama wingu.

Kaptembwo ni mtaa wa watu wa kipato cha chini upande wa magharibi wa Nakuru, mji ambao katika sensa ya mwaka 2019 ulikuwa na watu 570,674 na ambao ulitunukiwa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021. Jina la mtaa ni la Kikalenjin, kama ionyeshavyo silabi ya kwanza Kap-, yenye maana ya kwao au mahali pa. Wakazi wake ni Wakikuyu, Wakalenjin, Waluhya, Wajaluo, Wakisii na wengineo, na vyumba vya kupanga vimepangana mlango kwa mlango, hata majirani wasiojua lugha za wenzao huagizana chumvi kwa Kiswahili. Ni Kiswahili cha bara, chenye ngeli chache na vitenzi vinavyobeba mizigo mingi.

Miongoni mwa vitenzi hivyo, -ogopa ndicho kilichobebeshwa mzigo mzito zaidi. Mama asemaye "huyu mtoto ananiogopa" huenda anajisifu: mtoto wake ana adabu. Mgeni aambiwaye "usiogope, kuja ukule" haambiwi kwamba kuna hatari mezani; anaambiwa asione haya. Asemaye "naogopa hiyo maji" huenda hapendi tu ubaridi wake. Kuheshimu, kuona haya, kusita na kuchukia, vyote vimeingia chini ya paa moja. Anayetaka kueleza jambo hili asikimbilie kusema kwamba watu wa bara hawajui lugha. Kijaluo huita hofu "luoro" na heshima "luor", na msemaji aliyekulia katika lugha hiyo haoni ajabu yoyote hofu na heshima zikitoka mlango mmoja. Hata Kiswahili cha pwani kina -cha, ambayo imezibeba zote mbili kwa karne nyingi. Alichofanya mkazi wa Kaptembwo ni kuihamishia -ogopa kazi ya -cha, kwa kuwa -cha haikumfikia isipokuwa kanisani.

Vijana wamekwenda mbali zaidi. Kwao amri "ogopa!" ni sifa: mtu au kitu kimezidi kiwango, basi kaa chonjo. Jina la studio ya muziki ya Ogopa Deejays, iliyoanza Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1990, limejengwa juu ya maana hiyo, na Nakuru hulikumbuka kwa huzuni, maana msanii wake E-Sir alifariki katika ajali ya barabarani tarehe 16 Machi 2003 akitoka kutumbuiza mjini humo. Maana hii ya sifa imemrudisha mwenye kuogofya mbele ya jukwaa, ijapokuwa kwa mzaha.

Lakini lililo muhimu zaidi katika usemi wa Kaptembwo ni umbo -ogopesha. Mwalimu wa sarufi akilikuta katika insha ya mwanafunzi huenda akalikata kwa wino mwekundu na kuandika -ogofya juu yake. Kwa upande wa mapokeo ya lugha, mwalimu ana hoja. Kwa upande wa isimu, hoja yake ni dhaifu. Msemaji aliyeikosa kanuni iliyolala ameitumia kanuni iliyo macho, ile inayozaa -pendesha na -imbisha, na kwa njia hiyo ameokoa kauli ya kutendesha isipotee. Angeweza kuiacha ipotee, kama walivyofanya Waingereza. Hakuiacha. Asemapo "walikuja usiku kutuogopesha", kitenzi chake kina watenda, kina yambwa, na kina wakati.

Sasa tazama Kiswahili cha wasomi. Magazeti yametuzoeza vichwa vya habari vya namna mbili. Ya kwanza ni ile ya "watu kumi wahofiwa kufa". Hii ni tafsiri ya sisisi ya matumizi ya Kiingereza ambamo "feared" maana yake si kuogopwa bali kudhaniwa, kwa masikitiko, kuwa amekufa. Katika Kiswahili -hofia mtu ni kuwa na wasiwasi juu yake, na kwa kuwa wasiwasi huo kweli upo, kauli hiyo si upotovu mkubwa. Imekwisha zoeleka, na mhakiki atakayepigana nayo atakuwa anapoteza risasi.

Ya pili ni ile ya "hofu yatanda". Kinachotanda ni wingu, au giza, au ukungu. Kauli hiyo ni nzuri masikioni, na ndiyo hatari yake, kwa sababu hali ya hewa haina mtenda. Mtaa ukiandikiwa kwamba hofu imetanda, msomaji hapati haja ya kuuliza ni nani aliyeitandaza. Jina limekula kitenzi, na kitenzi kimeliwa pamoja na kiima chake. Dhambi hii si ya Kiingereza peke yake, maana Kiswahili chenyewe kina vitenzi vya kutosha vya kuiepuka. Ni uvivu wa kalamu, na wakati mwingine ni tahadhari ya mhariri aliyejifunza kwamba kumtaja mtenda kuna gharama.

Gharama hiyo ilikuwa kubwa katika Bonde la Ufa. Ghasia za mwaka 1992 ziliikumba Molo, za Januari 1998 zikaikumba Njoro, zote zisizo mbali na Nakuru. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, mtaa wa Kaptembwo ulikuwa miongoni mwa mitaa ya Nakuru iliyoshambuliwa mwishoni mwa Januari 2008, na mamia ya jamaa walikimbilia uwanja wa michezo wa Afraha na uwanja wa maonyesho ya kilimo. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Philip Waki, iliyokabidhi ripoti yake Oktoba 2008, ilihesabu vifo 1,133 nchini kote na watu wapatao 350,000 waliohama makwao. Hapo ndipo lugha ilipotakiwa kufanya kazi nzito. Watu walieleza kwa Kiswahili kilichowapata, na maelezo yao yakaandikwa kwa Kiingereza.

Hata jina walilopewa linahitaji kuchunguzwa. "Wakimbizi wa ndani" ni watu waliokimbia. Jina hilo limeshika miguu yao na kuacha kilichoikimbiza. "Waliofurushwa" ni jina bora, kwa sababu kauli ya kutendwa huacha nafasi wazi ambayo msomaji ataiona kuwa ni wazi, na nafasi iliyo wazi huuliza swali.

Mfano mmoja utatosha kuonyesha uzito wa jambo hili. Shahidi akisema "tuliogopa, tukahama", tafsiri ya moja kwa moja ni kwamba waliingiwa na hofu wakaondoka. Sentensi hiyo ni sahihi, na inaweza kusomwa kama habari ya watu waliojiamulia. Akisema "walituogopesha, tukahama", kuhama kumepewa chanzo nje ya moyo wa mhamaji. Kwa jirani aliye mlangoni tofauti hiyo ni ndogo, kwa kuwa yeye alikuwapo na anajua kilichotokea. Kwa mwanasheria aliye mbali ni tofauti kati ya uhamiaji na uhalifu. Vipengele vya Makosa vya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, vilivyopitishwa mwaka 2002, hueleza kwamba kumhamisha mtu kwa nguvu hakuhitaji nguvu za mwili pekee. Vitisho na shuruti pia huhesabiwa, ikiwa ni pamoja na shuruti itokanayo na hofu ya kutendewa ukatili. Yaani sheria yenyewe imeikubali hofu, ila kwa sharti kwamba ionekane imetoka wapi. Katika mashtaka yaliyohusu Nakuru na Naivasha ya Januari 2008, kosa la kuhamisha watu kwa nguvu lilikuwamo. Mashtaka hayo yaliondolewa Desemba 2014 kabla ya kesi kuanza kusikilizwa, kwa sababu za ushahidi na ushirikiano ambazo si za kisarufi, na itakuwa ni kuikuza isimu kupita kiasi mtu akidai kwamba kitenzi kimoja kingebadili mwisho wake. Lakini ushahidi ni maneno, na maneno hayo yalipita mikononi mwa wakalimani kabla ya kumfikia yeyote.

Hapo mkalimani anahitaji msaada ambao kamusi haijampa. Kitenzi -tisha kina maana mbili ambazo Kiingereza huzitenga: kumtia mtu hofu, kwa kukusudia au bila ya kukusudia, na kumwahidi mtu madhara. Ngurumo hutisha kwa maana ya kwanza. Mtu mwenye panga mlangoni hutisha kwa zote mbili. Neno -ogopesha halina utata huo, ila lina upungufu wake: hutaja matokeo na kunyamaza juu ya tendo. Mtu anaweza kuwaogopesha wengine kwa kelele, au kwa karatasi iliyobandikwa ukutani usiku, au kwa kusimama tu njia panda akiwa kimya. Shahidi akisema "walitutisha", mkalimani hana haki ya kuchagua upande mmoja kabla ya kuuliza. Na akisema "walituogopesha", swali linalofuata lazima liwe walifanya nini. Katika yote mawili, kinachoharibu kabisa ni kukirudisha kitenzi kwenye -ogopa, au kukigeuza jina na kuandika kwamba kulikuwa na hofu mtaani.

Kamusi mpya itakayokusudia kuwafaa watu hawa yapasa ianze maelezo ya "fear" kwa kutenga nafasi ya mwenye kuogopa na ya mwenye kuogofya, iunganishe -cha na -tisha kwa maelezo ya asili yao, na iingize -ogopesha bila alama ya kuidharau, pamoja na eneo inapotumika. Ile maana ya -ogopa iliyo karibu na heshima nayo iandikwe, maana mkalimani asiyeijua atamfanya mtoto mwenye adabu kuwa mtoto anayepigwa.

Iko kauli moja ambayo inafaa kupewa wanafunzi wa tafsiri kama zoezi, nayo ni hiyo hiyo ya "walituogopesha". Mkalimani wa Kiingereza cha karne ya 14 angeitia katika neno "fear", likiwa na kiima na yambwa, bila ya kukosea hata kidogo. Wa leo akifanya vivyo hivyo atakuwa ameandika kwamba washambulizi ndio waliowaogopa wenye nyumba.